"Nikitoboa Nitasaidia": Sentensi Inayotudanganya Vijana, na Alichosema Mzee Mmoja wa Mbozi Mission

Kuna sentensi moja vijana wa mjini wote tunaijua. Hata wewe unayesoma hapa umeshaisema, au utaisema kabla Jumapili haijafika. "Nikitoboa, nitasaidia." Nikitoboa nitamjengea mama. Nikitoboa nitamsomesha mdogo wangu. Nikitoboa mtaa mzima utajua kwamba niliwahi kukaa hapa. Ni sentensi tamu, ukiisema usiku peke yako unaweza hata kulengwa na machozi. Shida yake ni moja tu: haijawahi kumnunulia mtu yeyote hata panado.

Halafu tunafungua simu. Unakutana na klipu ya staa fulani, jina tunaliacha maana mwenyewe anajijua, anashuka kwenye gari na kumwaga noti juu ya watu. Watoto wanakanyagana, wamama wanavuana mitandio, kamera zinazunguka. Chini yake watu wameandika "moyo wa dhahabu" na makopakopa kibao. Na sisi tunaoangalia tunaondoka na somo moja kichwani, kwamba kutoa ni kazi ya waliotoboa. Sisi wengine zamu yetu bado.

Mimi leo nataka kubisha. Na sibishi kwa akili yangu peke yangu, maana elimu yangu ni ya fomu foo na nyingine nimejiokotea mtandaoni kama nyie. Nabisha kwa sababu kuna mzee mmoja huku kwetu Mbozi Mission nimekaa naye sana mwaka huu, na maneno yake yamenikaa kichwani kuliko spika yeyote wa kuhamasisha niliyemsikiliza kwa bando langu.

Mzee mwenyewe ni nani

Kwa msiopajua, Mbozi Mission iko mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 ulipokatwa kutoka Mbeya. Huku ni kwenye kahawa, ni kwenye hospitali ya Wamoravian, na ukishika barabara kuu ya kwenda Zambia unaishia Tunduma, mji ambao hela hailali. Malori yamepanga foleni, kwacha inabadilishwa barabarani, kila mtu ana dili.

Mzee ana miaka sabini na kitu. Ana mibuni yake, ng'ombe wawili, redio, na simu ya tochi. Ujana wake alifanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Baada ya hapo akarudi shambani na hajaondoka tena. Nilipomwambia nataka kuandika aliyoniambia, alikubali kwa sharti moja: "Mjukuu wangu, jina langu usiliweke huko. Maneno yachukue, jina niachie." Kwa hiyo humu nitamwita Mzee tu.

Sio tajiri. Lakini nimefuatilia, na hapa kijijini ni vigumu kupata nyumba ambayo Mzee hajawahi kuisaidia jambo. Na ni vigumu vilevile kumpata mtu aliyewahi kumsikia akilisema.

"Bei ikipanda, sio wewe uliyepanda"

Kitu cha kwanza alichonifundisha kuhusu hela ni kutojiamini sana ukiwa nayo. Na hapo alianzia kwenye kahawa.

Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa duniani yalivunjika, bei ikaporomoka. Ikaporomoka tena vibaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, 2001 na 2002 hivi. Mzee anasema kuna watu huku waling'oa mibuni wakapanda mahindi kwa hasira. Halafu angalia 2024 na 2025: bei ya arabika kwenye soko la dunia ilipaa hadi kuvunja rekodi, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa ukame Brazil, wazalishaji wakubwa kuliko wote duniani. Sasa ukipita msimu wa mavuno unaona pikipiki mpya, mabati mapya, na bia zinaagizwa kwa kreti.

Mzee akaniuliza, "Mwaka ule wa bei mbaya, mimi nilikuwa mvivu? Palizi si ileile? Shamba si lilelile? Na mwaka huu wa bei nzuri, mimi nimekuwa na akili ghafla? Mvua imekosekana kwa Mbrazili, ndo mimi nimepata bati. Bei ikipanda, sio wewe uliyepanda."

Hebu tuihamishie mjini hiyo. Umepata kazi kwa sababu shangazi yako anamfahamu mtu. Klipu yako imetembea kwa sababu siku ile mtandao uliamua itembee. Umepiga hela Tunduma kwa sababu kwacha iliyumba wiki moja. Kazi umefanya, sikatai. Lakini ukikaa ukahesabu vizuri utaona kwamba kwenye kila mkwanja ulioupata kuna sehemu ambayo hukuipika wewe. Mzee anasema sehemu hiyo ndiyo ya kutoa. Ukitoa hiyo humfanyii mtu hisani, unarudisha chenji.

Na kwa wale wa kusubiri bahati kubwa ya siku moja, alinichekesha sana. Mnajua Mbozi ndiko kuliko na kile kimondo maarufu, dude la chuma la tani kama 16 lililodondoka kutoka angani, liko pale Ndolezi na watalii wanakuja kuliona. Mzee akasema, "Nyie vijana na hizo kamari zenu mnasubiri hela idondoke kama kimondo. Kimondo kilidondoka Mbozi mara moja. Hakuna Mnyiha aliyeacha shamba akakaa anasubiri cha pili."

Makopo matatu

Sasa kabla hujaenda kugawa hela zako zote ukasema nimekutuma, sikiliza hii.

Mzee ana makopo matatu, na mpaka leo anayaita makopo ingawa siku hizi moja liko kwenye simu na lingine liko kwenye kikoba. Kopo la kwanza ni mbegu. La pili ni nyumba, yaani chakula, sabuni, ada, kodi. La tatu ni la watu. Kila hela inayoingia, hata ya kuuza kuku, inapita kwenye makopo yote matatu kabla haijaanza kutembea.

Kwenye elfu kumi, yeye anaweka elfu mbili mbegu, elfu saba nyumba, elfu moja watu. Nikamwambia mzee, kuna mtu hiyo elfu kumi ndo kalala nayo siku nzima kwenye bodaboda na bado anadaiwa hesabu ya bosi. Hakubishana. Akasema, "Basi aweke mia mbili. Kiasi sio shida. Shida ni mtu asiye na kopo."

Nikapiga hesabu kwenye simu. Mia mbili kila siku kwa mwaka ni shilingi 73,000. Mia tano, ambayo ni mkeka mmoja wa jioni unaochanika dakika ya tisini, ni 182,500 kwa mwaka. Hizo ni hela ambazo wengi wetu tunazo sasa hivi, kabla ya kutoboa.

Sheria yake kali ni kwenye kopo la mbegu. Halitolewi sadaka. Halichangiwi harusi. Halimwokoi binamu. Anasema mkulima anayegawa mbegu kwa huruma, msimu ujao atakuja kuomba kwa wale aliowagawia, na watamnyima. Kwa hiyo wale mnaosema wazee wanatufundisha kugawa mpaka tubaki uchi, huyu wa kwangu hayumo. Kwake mtu anayetoa mbegu ni mzembe tu, na hampi jina la mkarimu.

Na angalia, hii sio akili ya mzee mmoja. Kikoba cha kawaida mtaani kwenu kimekaa hivyohivyo. Kuna hisa, kuna mkopo, na pembeni kuna mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama anaweka kidogo kila kikao kwa ajili ya mgonjwa na msiba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mama zetu wanafanya hivi miaka yote, wengi bila kusomea uhasibu. Sisi tunaenda kulipia kozi ya mtandaoni kufundishwa "usimamizi wa fedha".

Kilichompata mshikaji wangu

Hapa ndipo nilipoacha kuyachukulia haya kama stori za kahawani.

Nina mshikaji, simtaji, yuko mpakani Tunduma anabadilisha kwacha. Mtafutaji kweli, halewi, hana mambo mengi. Mama yake alikuwa huku kijijini, peke yake, ana presha. Alishaambiwa dawa ni za kila siku. Yeye alikuwa anameza zikiwepo. Zikiisha anakaa, mpaka hela ipatikane.

Mshikaji alikuwa na mpango mkubwa. Alikuwa anamjengea mama nyumba, kwa siri, kama sapraizi. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati la rangi. Kila hela ilikuwa inaingia kwenye tofali. Mama akipiga simu, kijana anamwambia "vumilia mama, mambo mazuri yanakuja". Na hakuwa anadanganya, kila jioni alikuwa anazihesabu tofali.

Nyumba ikafika kwenye linta. Mama akapata kiharusi, akakaa siku nne, akafariki.

Sasa sikia hii. Grupu la msiba lilifunguliwa usiku uleule, watu zaidi ya mia. Ndani ya siku mbili ilishapatikana milioni moja na laki tisa. Jeneza zuri, maturubai, muziki, basi la kutoka Tunduma. Watu ambao hawakuwahi kumpigia simu yule mama walituma elfu thelathini, elfu hamsini. Na sikusema walikosea, msiba ni msiba. Lakini dawa ya mwezi ya yule mama haikufika hata mchango wa mtu mmoja kwenye lile grupu.

Mzee alikuwepo pale msibani, alikaa kimya muda wote. Wiki kadhaa baadaye ndo akaniambia: "Huyo kijana si mbaya, usimseme vibaya. Alimpenda mama yake wa kesho. Huyu wa leo akamwambia asubiri."

Mimi nikanyamaza. Ninajua vijana wangapi wako kwenye linta sasa hivi. Labda hata wewe. Jengo linaweza kuwa nyumba, linaweza kuwa duka, linaweza kuwa albamu. Yote mazuri. Lakini kuna mtu anasubiri chini yake, na yeye hana muda ulionao wewe.

Ndo maana nasema "nikitoboa nitasaidia" ni sentensi hatari. Inakupa raha ya mtu aliyetoa wakati bado hujatoa. Unalala vizuri na hela zako mfukoni, unajiona una moyo.

Hata watafiti wameliona

Kwa wale wanaotaka ushahidi wa kisomi. Mwaka 2008 watafiti wa Canada na Marekani walitoa utafiti kwenye jarida la Science. Waliwapa watu hela asubuhi, wengine dola 5, wengine dola 20. Nusu wakaambiwa wazitumie kwa mambo yao, nusu wazitumie kwa mtu mwingine. Jioni wakawauliza wana furaha kiasi gani. Waliotumia kwa wengine ndio walikuwa na furaha zaidi. Na wa dola 20 hawakuwazidi wa dola 5. Cha kuchekesha, walipowauliza watu wengine watabiri nani atafurahi zaidi, wengi wakasema yule wa dola 20 aliyejinunulia vitu vyake. Yaani hata kutabiri furaha yetu wenyewe hatuwezi.

Utasema hao ni Wazungu, wameshiba. Sawa. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ikatoa utafiti uliolinganisha Canada na jirani zetu wa Uganda. Waliwaomba watu wakumbuke siku walipotumia hela kwa ajili yao wenyewe au kwa mtu mwingine. Maisha ni tofauti kabisa, huku mtu anakumbuka kumnunulia mwenzake zawadi, kule mwingine anakumbuka kumsaidia rafiki mwenye malaria. Jibu likatoka lilelile: kukumbuka uliyomtendea mwenzako kunafurahisha zaidi.

Mzee nilipomsimulia alicheka. "Wametumia hela nyingi kutafuta hilo?"

Kamera sio dhambi, ila angalia aliyepokea

Tuwe wakweli, kuna matajiri wa kwetu waliotoa hadharani na hatuna cha kuwasema. Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki 2019, kila mwaka aliwaalika watu wenye ulemavu kwenye chakula. Kamera zilikuwepo, tena nyingine ni za vituo vyake mwenyewe. Lakini alikaa nao meza moja, wakala wote.

Au mkumbuke Saniniu Laizer, mchimbaji wa kule Simanjiro. Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na lingine kilo 5.1, akapata shilingi bilioni 7.74. Agosti mwaka huohuo akauza jingine kwa bilioni 4.8. Nchi nzima ilikuwa inasubiri kuona gari gani atanunua. Yeye akasema atachinja ng'ombe washerehekee, atajenga shule karibu na nyumbani kwake ili watoto wa pale wasome, na ataendelea kufuga. Shule aliijenga. Sisi mtandaoni tulikuwa tunamwonea huruma eti hajui kutumia hela.

Kipimo cha Mzee ni rahisi, na unaweza kukitumia kwa staa yeyote unayemfuatilia: mwangalie aliyepokea. Je, anaondoka akiwa ameinua uso, au amepangusa vumbi? Anasema mwaka 1983, ule wa msako wa wahujumu uchumi wa Sokoine, aliona watu wenye maduka wakifukia sabuni na kutupa vitenge usiku, vitu ambavyo majirani zao walikuwa wanavitafuta kwa machozi. "Walitupa bure walichokataa kuwauzia watu. Mpaka leo mtaa unakumbuka." Halafu akaongeza kwamba kurusha hela juu ya vichwa vya watu kwake hakuna tofauti sana na kutupa. Wote wawili hawakumwona jirani usoni.

Kusema hapana

Hapa najua wengi mlikuwa mnasubiri. Maana tukisema kutoa, mtu anawaza lile grupu la kamati ya harusi lililomwingiza bila kumuuliza, na mwenyekiti anayeandika "wadau tukumbushane ahadi zetu" saa kumi na moja alfajiri.

Mzee anasema hapana mara nyingi kuliko mnavyodhani. Kuna harusi ya mtoto wa ndugu yake alichangia kuku wawili na debe la mahindi, basi. Walimsema sana, kwamba ana kahawa na bei imepanda. Hakujibu. Utaratibu wake ni huu: msiba hana swali, anatoa alichonacho. Ugonjwa anauliza uko hospitali gani, na ikiwezekana anakwenda kulipa mwenyewe. Ada anampa mwenye shule. Sherehe anatoa cha shambani, hela hatoi. Na ukimwomba hela ya mtaji, anakuuliza umeshaweka wewe kiasi gani.

Nilichojifunza ni kwamba anakataa bila kumdharau mtu. Hajifichi, hazimi simu, hasemi "nitakucheki". Anakuambia, "Kopo la watu mwezi huu limeisha, njoo mwezi ujao." Na mwezi ujao ukienda anakukumbuka. Wangapi kati yetu tunaweza hiyo? Sisi tunasema ndio kwenye grupu halafu tunalifungia.

Na jambo moja alilikasirikia kabisa: kukopa ili uonekane umetoa. Mnaijua mikopo ya kausha damu. Mnajua na zile aplikesheni za mikopo zinazowapigia watu wote kwenye simu yako ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kuna vijana wameingia humo kwa ajili ya mchango wa harusi ya mtu mwingine, au kumfurahisha mpenzi siku ya kuzaliwa. Mzee anasema, "Ukikopa ili utoe, umetoa mali ya mtu." Sina cha kuongeza.

Ninapobishana naye

Sio kila kitu cha wazee ni cha kumeza. Kuna mahali mimi na Mzee hatujakubaliana mpaka leo.

Yeye shamba alipewa na baba yake. Akikosa hela, anakula mahindi yake na maharage yake. Kijana wa Tunduma anapanga chumba kimoja na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele. Maji ananunua, mkaa ananunua, hata mchicha ananunua. Nyuma yake kuna ndugu wanane wanaojua yeye yuko mjini, kwa hiyo ana hela. Huyo kopo lake la watu halijai hata siku moja, maana kuna mikono ndani yake kabla hajafunika. Na wengine wanaoomba wamekaa tu kivulini, wana nguvu kuliko wewe.

Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti kidogo. Alikaa kimya, akakubali nusu. "Kweli, sisi tulipewa ardhi na nyie hamkupewa. Hilo mtuseme." Lakini nusu nyingine hakuiachia. Akasema umaskini wa kweli alioushuhudia yeye unamkuta mtu ambaye siku akianguka hakuna mlango unaofunguka, hata kama alikuwa na hela. Na milango, anasema, inaanza kufunguliwa ukiwa bado unatembea.

Mimi bado nasimama na vijana kwenye hili: ndugu mwenye nguvu anayekaa anasubiri mwisho wa mwezi wako, huyo hayumo kwenye kopo. Mzee anasema hata huyo mpe, ila mpe jembe. Tumeliacha hapo.

Na furaha je?

Nilimuuliza moja kwa moja, Mzee una furaha? Hakuniambia maneno ya kwenye posti. Aliniambia kuna mwaka aliumwa mgongo msimu wa mavuno, na kahawa ikiiva haikusubiri. Asubuhi moja akasikia watu shambani. Hakuita mtu. Walichuma siku tatu, wakala makande, wakaondoka, na hakuna aliyetaja malipo. "Nililala ndani nasikia wanacheka kwenye mibuni yangu. Mjukuu wangu, siku ile sikuwa na hela kabisa."

Chuo cha Harvard kina utafiti ulioanza 1938 wa kufuatilia watu mpaka uzeeni, wa familia zenye nacho na wa familia maskini. Walichokuta kinachotabiri vizuri uzee wenye afya na raha ni mahusiano mazuri na watu, kuliko hela na umaarufu. Ukisoma hivyo kwenye simu unaona kawaida. Ukimwona mzee ambaye kahawa yake ilichumwa na majirani bila kuita, unaelewa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Usinijibu kwamba utabadilika, na usiniambie mpango wako wa nyumba ya mama, najua ni mzuri. Chukua jina moja. Mtu mmoja ambaye uko kwenye linta kwa ajili yake. Muulize leo anahitaji nini mwezi huu, sio akiwa mzee, sio ukitoboa. Inawezekana ni dawa ya shilingi elfu chache. Inawezekana ni vocha tu akusikie sauti. Halafu tafuta kopo.

Na wewe ambaye ndugu wamekumaliza na unaona huyu mzee anaongea kwa raha za shamba lake, andika hapo chini. Nitamsomea komenti zenu jioni akitoka kufungia ng'ombe, na majibu yake nitawaletea kama yalivyo.